Nasty Si Chafu Tu

Kapinga mwanangu,

Ni saa kumi za alasiri. Wewe umekwenda kanisani kuagana na wanakwaya wenzako, na mama yako anakunja nguo zako kwa mara ya tatu, kana kwamba huko Zambia, kwenye chuo chako cha uuguzi Kitwe, hakuna pasi. Nimepata mwanya wa kukaa na kalamu. Mambo ya sanduku, ya vyeti, ya kutokuweka pasipoti mfuko wa nyuma na ya kutokula vyakula vya njiani, mama yako ameshakuambia, na kesho atakuambia tena kupitia dirisha la basi. Mimi hapo sina la kuongeza. Nina jibu moja tu ambalo sikukupa.

Jumapili tulikuwa mezani. Ulikuwa umeweka daftari lako la Kiingereza kando ya sahani, jambo ambalo mama yako hulikataza na mimi hujifanya silioni. Ukaniuliza, "Papa, nasty ni kusema nini?" Nikaendelea kumega bukari. Ulidhani sijasikia, ukajijibu mwenyewe, "Si ni mubaya tu? Kinyume ya muzuri." Ndipo nilipoisukuma bukari, nikainuka, nikakuambia kwa sauti ambayo hujawahi kuisikia kwangu, "Kama hauyue neno, usijibu!" Nikatoka nje.

Mama yako ameniambia kwamba ulilia. Ameniambia pia ulichomuuliza: "Papa anakasirika juu ya neno moya?" Ndiyo, mwanangu, ni juu ya neno moja, ila hasira ile haikuwa yako. Ilikuwa yangu tangu zamani, ikatokea ukawa karibu. Naomba unisamehe kwa hilo kwanza, kabla sijafika kwenye makubwa zaidi.

Unajua kwamba watu wa mtaa wananiita Tata Diksioneri, baba mwenye kamusi kichwani. Unajua wanafunzi wangu wa jioni wanavyoniheshimu, wale mafundi na madereva wanaokuja kujifunza Kiingereza kwenye kile chumba cha parokia. Usichokijua ni jinsi Kiingereza hicho kilivyoanza. Nilipokuwa kijana niliishi miaka mitatu Chingola kwa shangazi yangu, aliyekuwa akiuza nguo za mitumba. Mutombo, mdogo wangu, alibaki hapa Kolwezi na mama yetu. Niliporudi watu walisema, huyu ametoka Zambia, huyu ni Mwingereza kabisa. Ukweli ni kwamba katika miaka hiyo mitatu, miwili na nusu niliongea Kibemba. Kiingereza changu kilikuwa cha kuitia wateja: njoo mama, hii nzuri, hii mpya, hii itakukaa. Lakini hapa nani angejua tofauti? Nilinunua kamusi kubwa, nikaitembeza kwapani kama padri na misale yake, na jina likanikaa.

Basi ikaja kampuni moja ndogo, ambayo siku hizi haipo tena, ikafungua kiwanda nje ya mji cha kuosha upya mabaki ya shaba na kobalti. Injinia wao alikuwa hajui Kifaransa wala Kiswahili. Wakatafuta mkalimani, nikapata kazi siku hiyohiyo. Kisha nikamwingizia Mutombo kazi ya kuzibua mifereji. Nilijiona mtu mkubwa, Kapinga. Ndugu wawili kiwanda kimoja, mmoja kwa koleo na mwingine kwa ulimi.

Neno lako la Jumapili nililisikia mara ya kwanza pale. Injinia alikwenda kutazama choo cha wafanyakazi, akatoka ameziba pua, akasema, "Nasty." Kile choo ulikuwa huhitaji kamusi. Nikajiwekea kichwani: nasty ni chafu. Nikafurahi hata, maana nililipata bila kuuliza mtu.

Wiki ile ile bomba moja lilivuja. Maji yakajaa kwenye mfereji ambao Mutombo na wenzake walitakiwa kuuzibua. Yalikuwa maji maangavu, yenye ubuluu kidogo, mazuri kuyatazama. Injinia akaja, akasimama ukingoni, akaniambia niwaambie watu wawe waangalifu, maana yale maji ni nasty stuff. Sasa nisikilize vizuri hapa. Nilimtazama usoni. Uso wake haukuwa wa mtu anayezungumzia uchafu. Ulikuwa umekaza. Nikajua, ndani yangu nikajua, kwamba neno lile siku hiyo halikuwa neno la choo. Ilibaki kumwuliza kitu kidogo sana: nasty namna gani? Lakini wanaume kumi na wawili walikuwa wananitazama, mdogo wangu akiwa mmojawapo, na Diksioneri haulizi. Kamusi yenyewe ilikuwa kwapani. Sikuifungua.

Nikawageukia nikasema, "Injinia anasema hii mayi ni muchafu. Musiikunywe."

Wakacheka. Mmoja akasema, "Tata, ni nani atakunywa mayi ya mufereji?" Na mimi nikacheka nao. Wakaingia.

Ilikuwa asidi, mwanangu, ile wanayotumia kuyeyusha madini. Haikuwa kali ya kumtoa mtu mbio mara moja, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Buti la Mutombo lilikuwa na tundu. Maji yakaingia, yakakaa na mguu wake tangu asubuhi hadi saa ya chakula. Aliona joto, akadhani ni jua. Alipovua soksi, ngozi ilitoka nayo.

Wewe ulikuwa na miaka minne. Labda unakumbuka alivyolazwa hapa nyumbani kwetu, kwenye kile chumba ambacho baadaye kilikuwa chako. Ulisikia baba mdogo ana mguu unaouma, ukamletea viatu vyako vyekundu vya plastiki, ukamwambia avae hivyo kwa sababu vyenyewe haviumi. Alivitundika kwenye msumari wa ukutani karibu na kitanda, akakataa mtu asivitoe. Nilikuwa nikiingia kumwona, navikuta vinanitazama. Nilikuwa natoka haraka.

Ungedhani hapo ndipo kosa langu linapoishia. Lilikuwa bado. Ofisini waliniita, wakaniuliza mbele ya injinia kama niliwaonya wafanyakazi. Nikasema, ndiyo, niliwaonya. Wakaandika hivyo. Mfanyakazi alionywa, hakusikia. Mutombo akaachishwa kazi kama mtu mkaidi, na karatasi ile ikasomwa mbele ya wenzake wote. Na mimi ndiye niliyeisoma, Kapinga. Nilikuwa mkalimani. Niliisoma kwa Kiswahili kizuri sana, bila kosa.

Tangu siku hiyo amekuwa "kichwa nguvu". Hilo jina limemfuata miaka kumi na sita. Mke wake humwambia hivyo wakigombana. Wateja wanaomletea simu zao kutengeneza humtania hivyo, kwamba hakusikia la muzungu, atasikia la nani? Hata wewe, ulipokuwa darasa la nne, ulimtungia wimbo, ule wa baba mdogo ambaye masikio yake ni mapambo. Uliuimba siku ya Krismasi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na yeye mwenyewe akacheka akakubeba begani akiwa anachechemea. Mimi nilikuwa natazama sahani yangu. Sikukulaumu wewe hata kidogo, wewe ulikuwa unaimba kile tulichokufundisha.

Sasa turudi kwenye neno, maana uliniuliza kama mwanafunzi, na mimi pamoja na yote ni mwalimu wako.

Baada ya ajali nilianza kuliwinda. Mvua kubwa iliponyesha, injinia aliingia ofisini ameloa, akaitazama mbingu akaiita nasty. Nikashangaa. Mvua chafu? Mvua ile ilikuwa imeosha Kolwezi nzima, hata miti iliyojaa vumbi jekundu ilikuwa kijani. Siku nyingine akamwita dereva mmoja nasty, na dereva huyo alikuwa mtanashati kuliko sisi wote, alivaa shati jeupe hata siku ya kubadilisha gurudumu. Lakini alikuwa na ulimi wa kuwadhalilisha watu. Dawa ya kikohozi aliyopewa, akainywa akakunja uso: nasty. Alipojikata kidole kwa msumeno, kidole kimeoshwa safi na kufungwa bendeji nyeupe: nasty cut. Hapo nikafunga mlango wa ofisi nikakaa. Nilielewa.

Neno hili halikuambii kitu kikoje. Linakuambia kitu hicho kitakufanya nini, na hata hilo halikuambii lote. Choo kitakuchefua. Mvua itakukera na kukulowesha. Dereva atakuumiza kwa maneno, tena kwa kukusudia. Dawa ni chungu. Kidonda ni kirefu, kinaweza kuoza. Na maji yale yalikuwa ya kuunguza. Waingereza wana kapu moja wanatupia humo vyote, kisha wanamwangalia mtu usoni ili kujua leo wametoa kipi. Sisi hatuna kapu hilo. Kiswahili kinakulazimisha uchague: kinanuka, kinauma, kinachukiza, kinaunguza, kina roho mbaya. Ukisema "mubaya" tu, kama ulivyosema Jumapili, hujakosea sana. Ila hujamsaidia mtu aliye karibu kuingia mferejini.

Na utalisikia sana huko uendako. Watu waliosoma Kiingereza wanapenda kulitumia kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema chai imepoa. Daktari atakuambia mgonjwa wa kitanda fulani ana nasty cough, huku akipekua karatasi zake, nawe utadhani ni kikohozi cha kuudhi usiku. Inaweza kuwa hivyo. Inaweza kuwa anataka umhamishe mgonjwa huyo leo hii. Usijijibu. Mwulize. Waache wanafunzi wenzako wacheke, waache waseme hawa wa Kongo hawajui lugha. Wewe ulikuwa hivyo tangu utoto, ukichekwa unakaza shingo, nasi nyumbani tulikuwa tunakulalamikia kwa hilo. Naliondoa lalamiko langu.

Jambo jingine dogo. Siku moja, umechoka, mgonjwa atasema kwamba yule nesi wa kutoka Kongo ni nasty. Akisema hivyo hasemi kwamba wewe ni mchafu. Anasema umemwumiza na ulijua unamwumiza. Nakuomba usikimbilie kuonyesha mikono yako misafi, kama nilivyofanya mimi ofisini.

Najua unachowaza sasa. Unawaza, na baba mdogo? Baba mdogo anajua?

Alikuwa hajui. Jumatano asubuhi nilikwenda kwake Kasulo. Sababu ni wewe. Tangu ulipouliza neno lile sikuweza kula vizuri, na nilijua kwamba yeye ndiye atakayekusindikiza kesho hadi mpakani Kasumbalesa. Sikuweza kuvumilia mkae saa zote hizo kiti kimoja, wewe ukimtania kuhusu masikio, yeye akicheka.

Nilimkuta uani, kwenye meza yake ya kazi, anafungua simu. Jirani yake ametandaza turubai juu ya shimo lake la kuchimbia kobalti, kelele za kuchimba zilikuwa zimetulia. Nikakaa. Nikamweleza yote kama nilivyokuandikia hapa, isipokuwa kitu kimoja nitakachokuambia. Alikuwa hanitazami. Aliendelea kufungua skrubu ndogo za simu, akizipanga kwenye kifuniko cha chupa.

Nilipomaliza akaniuliza, "Ile neno ni namna gani?"

"Nasty."

"Nasti." Akalirudia mara mbili, taratibu, kama anavyofanya mtu akitajiwa jina la ugonjwa wake. "Na mu Swahili yetu, ungesema namna gani?"

"Ningesema, ile mayi inaunguza."

"Ile tu?"

"Ile tu."

Akafungua skrubu nyingine. "Buti yangu ilikuwa na tundu. Ungesema inaunguza, mi ningekatala kuingia." Kisha akaniuliza habari ya ofisini, "Na kule ku biro, balikuuliza?"

"Baliniuliza."

"Ulisema nini?"

"Nilisema nilibaambia."

Hapo ndipo alipoweka bisibisi chini. Akaniangalia. Sura yake ni ya mama yetu, unajua hilo, na siku hiyo ilikuwa ya mama yetu zaidi. "Yaya, ile njo mubaya kupita mayi," akasema, hata hapo akiniita kaka. "Mayi haikuyua mi ni nani. Weye uliyua."

Nikajaribu kumshika mkono, akauondoa, si kwa ukali, akauondoa tu na kuirudisha simu karibu. Baadaye akasema, "Mutoto nitamupeleka. Nilimwahidia. Lakini weye, sitaki kukuona ku bus."

Nikasema sawa. Nikarudi kwa miguu, sikupanda pikipiki.

Kwa hiyo kesho saa kumi na mbili asubuhi utaona mama yako peke yake chini ya dirisha la basi, na utanitafuta. Sitakuwepo. Usidhani ni ile hasira ya Jumapili. Usidhani ni kazi, wala kichwa kinaniuma, ingawa mama yako, kwa wema wake, anaweza kukuambia hivyo. Tutaagana hapa mlangoni, nami nitakushikilia kwa muda zaidi ya desturi yetu, uvumilie. Mwanangu, tangu ulipopata ile nafasi ya uuguzi nimeliwaza basi hilo mara nyingi. Nilikuwa nimepanga hata shati la kuvaa. Inaniuma sana kwamba sitakuona ukiondoka. Inaniuma, lakini ni haki yake kuniomba hilo, na ni kitu cha kwanza alichoniomba maishani mwake.

Nakupenda, Kapinga. Nilikupenda ulipokuwa mbilikimo mwenye viatu vyekundu, na nakupenda sasa unaponisahihisha matamshi mbele ya wanafunzi wangu. Sikukuambia haya mapema kwa sababu niliogopa macho yako yangebadilika ukinitazama. Yakibadilika, yabadilike. Bora unijue mimi huyu kuliko umpende yule Diksioneri.

Barua hii nitaitia mkononi mwako mlangoni. Isome mkishapita Likasi, ukiwa umetulia. Baba yako mdogo hataweza kukuona na karatasi asiulize imeandikwa nini. Yeye Swahili hii ya vitabu haipendi, anaiita Swahili ya misa, na anasema ikisomwa husinzia. Basi mgeuzie katika maneno yetu ya nyumbani, yote, toka juu hadi chini.

Utafika pale mferejini. Pale niliposema kwamba nilimtazama injinia usoni nikajua. Hicho ndicho kitu ambacho sikumwambia Jumatano. Nilimwambia sikulijua neno, naye aliamini nilikosea kama mtu yeyote anavyoweza kukosea. Sikuweza kumwambia kwamba nilishuku, na kwamba nilinyamaza kwa sababu ya kuona aibu mbele ya watu kumi na wawili. Wewe utamwambia.

Nakujua, utataka kupalainisha. Utatafuta neno jepesi, kwa kuwa unatupenda wote wawili na mtakuwa mmebanana kiti kimoja. Usilitafute. Usinitetee wala usimwombe anisamehe, hiyo ni kazi yangu na nitaifanya mwenyewe akikubali kuniona. Mwambie kama ilivyo: Papa alijua kuna kitu, na hakuuliza. Akinyamaza, mwache anyamaze. Akikuambia urudie, rudia.

Mimi, baba yako, ambaye kesho atakuwa nyumbani.